Kicheko cha Kashasha, na sisi tuliolala mabwenini

Najua nimekuwa kimya wiki mbili hivi, mtanisamehe. Majaribio yamebana, na bumu nalo mnajua lilivyo, likichelewa mtu hata hamu ya kuandika inapotea. Ila leo nina jambo, na ni refu kidogo, kwa hiyo kama una kipindi saa nne nenda kwanza, utarudi.

Ni hivi. Jumamosi usiku tulikuwa chumbani, wanne kwenye chumba cha watu wawili (ukisoma Mlimani unajua habari za kubebana). Mwenzetu mmoja akatuonyesha video kwenye simu. Katuni ya Kizungu. Inaeleza eti kuna kijiji Tanzania watu walicheka mwaka mzima na nusu bila kupumzika. Wamechorwa wamejishika mbavu, wanagaragara chini, mpaka mbuzi naye anacheka. Chumba kizima kikaangua kicheko. Kisha yule mwenzetu akanigeukia: "Wewe si wa Kagera? Hii si kwenu huko?"

Na mimi nikacheka. Ningefanya nini? Lakini taa zilipozimwa usingizi haukuja.

Haukuja kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ni wa Ngenge, wilaya ya Muleba, na Nshamba inayotajwa kwenye kisa hicho ni wilaya moja na kwetu. Ya pili nitaisema mbele, maana inahusu rafiki yangu wa sekondari.

Tuanze na kilichotokea kweli, kwa sababu kweli yenyewe haina mbuzi.

Jumanne tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni iliyoko Kashasha, maili 25 hivi kutoka Bukoba mjini, wasichana watatu walianza kucheka na wakashindwa kuacha. Ilikuwa shule ya bweni, ya ngazi iliyoitwa shule ya kati, yaani darasa la tano mpaka la nane. Wanafunzi walikuwa 159. Mpaka tarehe 18 Machi wasichana 95 walikuwa wameshapatwa, na siku hiyo shule ikafungwa. Wakapumzishwa nyumbani. Tarehe 21 Mei, siku ya Jumatatu, ikafunguliwa tena, na wengine 57 wakashikwa. Mwishoni mwa Juni ikafungwa mara ya pili.

Haya yote yamo katika taarifa ya madaktari wawili, A. M. Rankin na P. J. Philip, iliyotoka mwaka 1963 katika jarida la Central African Journal of Medicine. Ni kurasa chache tu. Nimezisoma mara tatu, na kila mara naona jambo ambalo kwenye video halimo.

Kwa mfano, hakuna aliyecheka mwaka na nusu. Hakuna binadamu anayeweza, hata ukimlipa. Shambulio moja lilichukua dakika chache mpaka saa chache, linatulia, linarudi. Mtu aliyeshikwa muda mrefu kuliko wote alikaa hivyo siku 16. Kilichoendelea miezi na miezi ni kuenea kwake, huku kinaisha, kule kinaanza. Na hakikuwa kicheko peke yake. Walikuwa wanacheka na kulia. Walikuwa hawatulii, na ukimshika kwa nguvu anapigana nawe. Wengine walisema kuna vitu vinatembea kichwani. Wengine walikuwa na hofu kwamba kuna mtu anawakimbiza.

Sasa niambieni, hapo cha kuchekesha ni kipi?

Madaktari walipima damu, wakapima maji ya uti wa mgongo, wakachunguza na chakula. Hawakupata kitu. Hakuna aliyekufa. Huko vijijini hofu ilikuwa kubwa, kuna waliosema hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki. Tusiwacheke wazee wetu kwa hilo, maana miaka ileile wakubwa wa dunia walikuwa kweli wanalipua mabomu hayo angani kwa majaribio, na redio zilikuwa zinatangaza. Watu waliuita Endwara ya Kucheka, ugonjwa wa kucheka. Wengine waliuita akajanja, yaani wazimu.

Sasa njoo kwenye kile kilichonishika mimi. Walimu. Kashasha ilikuwa na walimu watano, Wazungu wawili na Waafrika watatu. Hakuna hata mmoja wao aliyepatwa. Wataalamu wanaotaja jambo hilo wanalitaja ili kuonyesha kwamba watu wazima hawakuguswa, basi. Mimi nikachukua kalamu nikagawanya. Wasichana 159 kwa walimu watano ni karibu wasichana 32 kwa kila mwalimu, na hao watano ndio wa kufundisha, kusimamia chakula, kusimamia sala na kushughulikia wagonjwa. Basi usiku, msichana wa miaka 12 aliyeacha kwao kwa mara ya kwanza, akilia chini ya blanketi, analelewa na nani?

Waliosoma bweni wanajua jibu. Analelewa na msichana wa miaka 15 wa kitanda cha juu.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Tukizungumzia maisha ya bweni huwa tunataja vyama na klabu, na kweli vilikuwepo na ni vitamu. Shule niliyosoma mimi (siitaji, walionijua wanaijua) ilikuwa na kila kitu. UKWATA kwa wenzetu wa Kiprotestanti, TYCS kwa sisi Wakatoliki, Waislamu nao na umoja wao. Malihai ya kupanda miti. Mdahalo kila Ijumaa mchana, mada ni zilezile tangu dunia iumbwe, eti elimu na mali kipi bora. Kwaya. Netiboli. Jumamosi moja moja muziki bwaloni, wasichana na wasichana wenzao, matroni kasimama mlangoni na tochi kama askari wa doria. Nilikuwa katibu wa klabu ya Kiswahili, nina cheti mpaka leo.

Lakini kila klabu ilikuwa na mwalimu mlezi, ratiba, daftari la mahudhurio na wimbo wa kuwaimbia wageni. Afisa elimu akija tunapangwa mstari. Sisemi ni vibaya. Nasema hayo ndiyo maisha ambayo shule huyaona. Kuna maisha mengine yanayoanza taa zikizimwa. Nani anampa nani sabuni. Nani kapata barua kutoka shule ya wavulana, imepakwa poda mpaka bahasha inanukia. Nani baba yake amefariki na hajaambiwa, anasubiri likizo. Nani anachana nywele za nani. Njuka wa kwanza kutoka mbali, anayeongea Kiswahili chenye lafudhi, wanamwiga mpaka anaacha kuongea, halafu mmoja anamhurumia, anamwita alale kwake. Klabu hiyo haina mlezi wala katibu, ila kila mtu ni mwanachama, na ada yake ni kwamba kinachompata mmoja kinawapata wote. Mmoja akisikia sauti dirishani, wote tumesikia. Mmoja akianza kucheka wakati wa prepo, mnajua wenyewe, hata ukiuma kidole utacheka tu, na ukikatazwa ndiyo kabisaa.

Bibi yangu alikuwa akitusikia tunacheka sana usiku anasema, watoto, mtalia kabla hakujakucha. Nilidhani ni kututisha tu tulale.

Sasa angalieni ramani ya kicheko cha Kashasha kwa macho hayo. Siku kumi hivi baada ya shule kufungwa, kikatokea Nshamba. Kwa nini Nshamba? Kwa sababu baadhi ya wasichana wa Kashasha kwao ni Nshamba, na wamerudishwa nyumbani. Kati ya Aprili na Mei watu 217 walipatwa kule, wengi ni wanafunzi na vijana, wa kike na wa kiume. Mwezi Juni kikaingia Ramashenye, shule nyingine ya kati ya wasichana, pembeni ya mji wa Bukoba, ambako pia baadhi ya wasichana wa Kashasha walikuwa na makwao jirani. Wasichana 48 kati ya 154, shule ikafungwa. Msichana mmoja wa Ramashenye akarudi kwao Kanyangereka, na kule kikaanza na ndugu zake wa karibu, kisha shule mbili za wavulana zikafungwa. Kwa jumla hesabu zinazotajwa ni shule 14 na watu wapatao 1,000.

Kilipita kwenye njia ya undugu na urafiki. Hakikupita kwenye maji wala kwenye unga. Aliyepatwa alikuwa ametoka kukaa na aliyepatwa, saa chache au siku chache kabla. Na nani anayekaa na mgonjwa bwenini? Rafiki yake. Kwa maneno mengine, waliompenda zaidi ndio waliofuata. Na dawa iliyotumika, kufunga shule na kuwasambaza watoto makwao, ndiyo iliyokipa kicheko nauli. Siwalaumu waliofunga. Ungekuwa wewe mwalimu mmoja kati ya watano, una wasichana 95 wanaocheka na kulia, ungefanya nini?

Wataalamu wa siku hizi wanaona ni msongo uliozidi kiasi katika kundi lisilo na mlango wa kutokea, ukatokea mwilini. Christian Hempelmann aliandika hivyo mwaka 2007, akasisitiza kwamba kicheko kilikuwa dalili moja tu kati ya kadhaa na kwamba hakukuwa na furaha yoyote ndani yake. Na tukumbuke ni lini. Uhuru ulikuwa tarehe 9 Desemba 1961. Januari 22 Mwalimu Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu, Kawawa akashika. Siku nane baadaye, Kashasha. Sisemi wasichana walicheka kwa sababu ya Kawawa, hapana jamani! Nasema nchi nzima ilikuwa imewaelekea wasomi wake wachache, inawaambia kazi sasa ni yenu. Msichana wa darasa la nane mwaka 1962 hakuwa mtoto wa shule tu. Nyuma yake kuna baba aliyeuza kahawa kulipa ada, kuna shangazi aliyesema wa kike wa nini shuleni, kuna mtihani mmoja wa kumaliza darasa la nane, na nafasi za sekondari kwa wasichana zilikuwa za kuhesabu.

Ndiyo maana kuna jambo moja katika ile taarifa limenikera. Madaktari wanasema kwamba ugonjwa haukuwapata watu waliosoma na kustaarabika. Wadau, hao wasichana walikuwa wanasoma na kuandika! Katika Bukoba ya 1962, msichana aliyefika shule ya kati alikuwa msomi kuliko sehemu kubwa ya watu wazima waliomzunguka. Ila alikuwa Mwafrika, mtoto, na wa kike, basi akahesabiwa upande ule mwingine. Wametuachia idadi, umri wa miaka 12 mpaka 18, hali ya mboni za macho. Alichosema yule wa kwanza kwa wenzake wawili kabla hawajaanza kucheka, hakimo.

Na Kashasha si shule ya kudharau. Mama Barbro Johansson, mmisionari wa Kiswidi aliyefika Tanganyika mwaka 1946, alifanya kazi yake pale kabla hajaingia bungeni kwa uchaguzi wa 1958-59, halafu baadaye akawa mkuu wa shule ya wasichana Tabora. Ile shule ya wasichana ya Luguruni hapa Dar inayoitwa kwa jina lake, aliyesimama nyuma yake ni Profesa Anna Tibaijuka, mtoto wa Muleba. Kwa hiyo ukitaja Kashasha, taja na hilo. Kwenye intaneti Kashasha ni kicheko tu, mwanzo na mwisho.

Wala haikuishia 1962. Mwaka 1968 daktari mmoja, Ebrahim, aliandika juu ya mikasa mitatu ya namna hii kwa watoto wa shule Afrika Mashariki. Septemba 2008 Tabora, wasichana wapatao 20 walizimia shuleni wakati wa mitihani. Oktoba 2023 kule Kakamega, Kenya, wasichana wa Eregi, karibu mia moja, walishindwa kutembea, wakapelekwa hospitali, vipimo havikuona kitu. Video zao zilizunguka kwenye simu zetu hapahapa, na tuliandika nini chini yake? Wanaigiza. Wanakwepa mtihani. Mashetani.

Na hapa ndipo anapoingia rafiki yangu. Nimwite Koku, si jina lake.

Tulikuwa kidato cha tatu, wiki mbili kabla ya mitihani ya muhula. Usiku mmoja msichana wa bweni la pili alipiga kelele kwamba kuna mtu anamkimbiza. Koku alikwenda kumshika, kwa sababu Koku ndiye aliyekuwa anakwenda kila mara, alikuwa na mikono ya kutuliza watu. Kesho yake ni yeye aliyepiga kelele. Kufika Ijumaa walikuwa tisa. Wakaitwa waombaji, wakaitwa wazazi. Wengine wanane walirudi baada ya likizo. Koku hakurudi. Ilishasemwa kwenye paredi, mbele yetu sote, kwamba kuna mtu aliyeleta mapepo shuleni, na kila mtu alijua anasemwa nani. Na mimi nilikuwa kwenye mstari. Nilikuwa katibu wa klabu, nilikuwa natoa hotuba za dakika kumi kwenye mdahalo bila kutazama karatasi, na siku ile sikufungua mdomo.

Nilipoisoma ile taarifa ya 1963, pale penye maneno ya mtu anayehofu kukimbizwa, nilifunga kompyuta nikatoka nje, nikaenda kukaa kwenye ngazi za Nkrumah mpaka nikatulia. Maneno ni yaleyale. Zaidi ya miaka hamsini imepita katikati, Koku hajawahi kusikia habari za Kashasha, na maneno ni yaleyale.

Jana nikampigia. Ana duka la vyombo Muleba sasa, na mtoto mmoja. Nilimwambia nataka kuandika, nikamweleza Kashasha yote, wasichana 95, Nshamba, madaktari, kwamba hawakuona mdudu wala sumu, na kwamba waliofuata walikuwa ni wale waliokaa na wenzao. Akanyamaza muda. Nikadhani salio limekwisha.

"Kwa hiyo wao walikuwa 95?"

"Tisini na tano. Na shule ilipofunguliwa wengine 57."

"Na wote walirudi kusoma?"

Nikamwambia taarifa haisemi.

"Basi uwaandike vizuri," akasema, "na mimi uniandike, ila jina weka lingine." Halafu akaniuliza kama bado naimba vibaya, akaanza kuimba ule wimbo wetu wa kuwapokea wageni, ule wa afisa elimu, kwa sauti ya pua kama ya yule matroni wetu. Nilicheka mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Wale mliosoma bweni, Kagera au popote, kama yalitokea shuleni kwenu, niandikieni. Sitaki jina la shule wala la mtu. Nataka kujua nani alikuwa wa kwanza kwenda kumshika mwenzake. Mimi naenda kafteria kabla foleni haijafika mlangoni, leo ni zamu ya wali.